Nani yuko mbele yangu?

Jumanne moja, saa tatu kasorobo usiku, simu ililia nikiwa na tonge la ugali mkononi.

"Kaka, nimekatika tena. Hii ni mara ya tatu leo, na mteja wangu ameshakata simu."

Alikuwa dada wa ghorofa ya tano, jengo la kijani. Anafanya kazi ya huduma kwa wateja ya kampuni moja ya ng'ambo, zamu ya usiku, hedifoni masikioni kuanzia saa moja jioni mpaka saa saba. Akikatika yeye, kuna mtu upande wa pili wa dunia anayeanza kufoka.

Nikafanya kile ambacho kila fundi wa intaneti hukifanya. Nilifuta mkono, nikafungua simu yangu, nikapima data inachukua muda gani kwenda na kurudi. Milisekunde 12. Safi kabisa.

"Kwangu iko sawa, dada. Hebu zima ruta, uiwashe tena."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza swali lililonikaa kooni kwa wiki sita.

"Kaka, niambie ukweli. Nani yuko mbele yangu?"

Nikamwambia hakuna.

Nane, nane, nane

Nasambaza intaneti Pipeline, mtaa wa maghorofa hapa Nairobi, kama wakala wa kampuni yenye leseni. Wateja 96, majengo 11. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa: majengo yamebanana mpaka nguo zinakauka kwa kubahatisha, na huku chini jua hulioni ila saa sita mchana. Faiba inafika kwenye paa moja tu. Hapo juu nimesimamisha antena kubwa, na kila jengo lina sahani yake ndogo inayoitazama ile kubwa. Ninapoishi mimi ni mojawapo ya hayo majengo 11.

Kwa hiyo tunachogawana ni hewa, na hewa ina tabia zake. Antena yangu ikisema, haisikii. Ikisikiliza, haisemi. Na huzungumza na jengo moja kwa wakati mmoja, kwa zamu za haraka sana zinazotufanya tudhani kila mtu ana njia yake. Tena iko kwenye gigahezi 5, masafa ambayo yeyote mwenye antena anayarukia, na Pipeline nani hana antena.

Usiku ule sikumaliza ugali. Niliingia kwenye ruta yangu, MikroTik ya zamani, nikafungua orodha ya wateja. Kila mteja ana mstari wake, na kila mstari una namba ya kipaumbele, kuanzia 1 hadi 8. Wa 1 huhudumiwa kwanza, wa 8 mwisho. Usipoandika chochote, ruta inakuwekea 8.

Juu kabisa kulikuwa na mistari ya majaribio ya kale, takataka za siku za mwanzo. Nikaipita. Dada wa ghorofa ya tano: 8. Mwalimu wa hisabati: 8. Kijana wa studio ya video: 8. Zahanati ya chini: 8. Nane, nane, nane, mpaka nikafika kwa mzee.

Mzee: 1.

Huyu ndiye mwenye paa. Mwaka 2022 tulipatana kwa mdomo tu: yeye anipe nafasi ya kusimamisha antena, mimi nimpe intaneti ya bure "isiyosumbua". Hilo neno alilirudia mara mbili. Mimi, kijana mwenye hamu ya kuanza biashara, nikajua njia moja tu ya kutimiza ahadi kama hiyo. Nikamwandikia 1, nikasahau. Na kwa kuwa anaishi kwenye jengo lake la pili, ng'ambo ya barabara, data yake inapita kwenye hewa ile ile yetu.

Mzee hutazama nini saa tatu usiku? Taarifa ya habari, kisha mieleka. Mieleka ya Marekani, kwa picha ya ubora wa juu kabisa.

Mwenye kikombe

Nilikulia Dandora, kwenye ploti ya vyumba kumi na mfereji mmoja. Maji yakija, mitungi ilipangwa mstari toka mferejini hadi langoni. Nyanya wa chumba cha kwanza ndiye aliyekuwa serikali. Alikuwa na kanuni mbili, na hakuna aliyewahi kuziandika popote.

Ya kwanza: huwezi kuja na mitungi minane ukaijaza yote kwa mkupuo. Unajaza mmoja, unarudi nyuma, wa pili utajaza zamu yako ikifika.

Ya pili: mwenye kikombe hapangi foleni. Mtoto anataka kumeza dawa, kinga maji yako, nenda.

Niliyakumbuka haya nikiwa bado natazama ile 1 ya mzee, na nikaona aibu kidogo. Lakini sikuielewa maana yake kwenye kazi yangu. Hiyo ilinichukua wiki nyingine tatu za kuharibu mambo.

Nilivyojifanya hakimu

Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: tusipange watu, tupange kazi. Mikutano na simu zitangulie, video zifuate, mizigo mizito ya kupakua iwe ya mwisho. Si wazo la kijinga. Waifai yenyewe ina matabaka manne ya namna hiyo tangu mwaka 2005: sauti, video, kawaida, na kazi za chinichini. Kwenye kichwa cha kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data, pia kuna biti 6 zilizotengewa alama ya daraja, tangu 1998.

Tatizo ni kwamba alama hiyo huandikwa na anayetuma, na ukitangaza kwamba mwenye alama fulani anatangulia, kesho kila pakiti itavaa alama hiyo. Kwa hiyo nikajiamulia mwenyewe kwa kutazama milango, yaani zile namba ambazo programu hupitishia data yake. Zoom, kwa mfano, hupitisha sauti na picha kwenye milango 8801 hadi 8810. Nikaandika kanuni: inayopita hapo ipewe 2. Nikaongeza nyingine chache za simu za mitandaoni. Nikalala nimeridhika.

Mwalimu wa hisabati alinitumia ujumbe wa shukrani. Wanafunzi wake hawagandi tena.

Dada wa ghorofa ya tano akanipigia simu. "Kaka, umefanya nini? Imekuwa mbaya zaidi."

Nilipanda kwake kesho yake mchana. Kompyuta ya kazini kwao imefungwa kwa VPN. Kila kitu anachofanya, sauti, maandishi, faili, kinaingia kwenye bomba moja lililofungwa, kinatoka Nairobi kama donge lisilo na jina. Ruta yangu ililitazama donge hilo, haikuona mlango wowote inaoujua, ikalirudisha kwenye 8. Na sasa mbele ya hiyo 8 niliweka kila mkutano wa Zoom wa majengo 11, zikiwemo ibada za jioni na vikao vya kamati za harusi.

Niliandika kanuni ya kuwatanguliza wanaofanya kazi. Mtu aliyenifanya niiandike ndiye iliyomtupa nyuma.

Si yeye peke yake. Siku hizi karibu kila kitu kinapita kimefumbwa, na ni vizuri kiwe hivyo. Sina haja ya kujua nani anatazama nini. Lakini fundi anayepanga foleni kwa kubahatisha kilichomo ndani ya mtungi ulioshonwa mdomo anapanga kwa upendeleo wa macho yake tu.

Mtuhumiwa

Basi nikatafuta wa kulaumu. Hakuwa mbali.

Kijana wa studio anakaa jengo lile lile la kijani, ghorofa ya tatu. Anapiga picha za video za harusi. Harusi zetu ni Jumamosi, kwa hiyo kuanzia Jumapili jioni mpaka Jumanne anapakia video kwenda kwa wateja wake, gigabaiti kwa gigabaiti. Nikaangalia takwimu, nikaona jina lake limeshika kileleni. Jumanne! Nikampunguza mpaka Mbps 2, yaani megabiti 2 kwa sekunde, bila kumwambia.

Alikuja mwenyewe mpaka kibandani ninapokunywa chai.

"Bosi, mimi nimelipa 1,500 kama wengine. Kama kuna bei ya wanaopakia, ungeniambia nilipe."

Sikuwa na jibu. Hakuiba. Alitumia alichonunua. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya Marekani, Comcast, ilikamatwa ikiwakwamisha kimyakimya watu waliokuwa wakibadilishana faili, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya kule ikaikemea. Nikiisoma habari hiyo zamani nilikuwa upande wa wateja bila kusita. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Pipeline na maandazi mawili, mimi ndiye kampuni.

Nikamrudishia kasi yake jioni ile. Na jambo la ajabu ni kwamba katika siku nne nilizombana, dada aliendelea kukatika vilevile.

Hapo ndipo nilipopanda juu ya paa.

Foleni ilihama

Kutoka kwenye antena kubwa, jengo la kijani lilikuwa likionekana wazi nilipofunga sahani yake. Sasa kati yao kuna jengo lililokuwa na ghorofa saba, na mwenyewe anaongeza ya nane na ya tisa. Nguzo zimesimama, mbao na vyuma vimetapakaa, na sahani yangu inachungulia kama mtoto nyuma ya watu wazima.

Nguvu ya mawimbi ilikuwa imeshuka kutoka -58 hadi -76. Kwa asiye fundi: antena zinaposikizana vizuri hubana biti nyingi kwenye kila mpigo mmoja wa redio, mpaka 8, robo yake ikiwa ya kujikinga na makosa. Zikisikizana kwa shida hushuka mpaka 2, na kinga hiyo inakula nusu nzima. Ukipiga hesabu, data ile ile iliyokuwa ikichukua sekunde moja hewani sasa ilichukua sita. Na sekunde hizo haziwi za jengo la kijani peke yake. Zinatolewa kwenye zamu za majengo mengine yote, kwa kuwa antena ikizungumza na mmoja wengine kumi wanangoja.

Lakini kilichonikalisha chini kwenye zege ni jambo lingine.

Ruta yangu ilikuwa imeambiwa hewa ina Mbps 150, hivyo ianze kupanga foleni mzigo ukikaribia hapo. Njia ya jengo la kijani ilikuwa imeporomoka kutoka kama 120 hadi 20. Kwa ruta, mzigo wa 30 kwenda kule ulikuwa kitu kidogo, haukuwa na haja ya kupangwa. Ikaurusha wote. Ukafika kwenye antena, antena haina pa kuupeleka, ikaurundika kwenye bafa yake yenyewe, kighala cha data inayongoja, aliyetangulia katangulia. Upande wa kupakia ilikuwa vibaya zaidi: mdomo wa Mbps 4, na nyuma yake harusi nzima. Megabaiti 1 tu, yaani megabiti 8, ikingoja kwenye mdomo kama huo ni sekunde 2. Na mazungumzo ya simu huanza kuharibika sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa kwenda.

Zile 1 na 2 na 8 zangu zote, hukumu zangu zote, nilikuwa naziandika mahali ambapo foleni haipo. Foleni ilikuwa juu ya paa, ndani ya kiboksi cheupe kisichojua kusoma namba zangu.

Nilikaa pale hadi adhana ya magharibi.

Mtungi mmoja mmoja

Marekebisho yenyewe hayana hadithi ndefu. Nilinunua sahani mbili nyingine, kama shilingi 18,000 na nyaya zake, nikazungusha njia ya jengo la kijani kupitia paa la jirani. Msimamizi wa jengo lile alitaka chai, akapata chai. Kisha nikaliwekea kila jengo kikomo chake ndani ya ruta, kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa hewa yake, ili msongamano ukitokea utokee kwangu, mahali ninapoweza kuupanga.

Halafu nikafanya nililoliogopa tangu nianze kazi hii: nikapandisha programu ya ruta kwenda toleo la 7. (Mafundi wenzangu wananielewa. Ruta inayofanya kazi haiguswi.) Toleo hilo lilileta namna ya kupanga foleni inayotokana na kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, waliyoitoa mwaka 2012 na kuiita CoDel. Wenzao wakaiongezea mgawanyo wa haki kati ya mikondo ya data, ikaitwa FQ-CoDel, na ikachapishwa rasmi Januari 2018.

Nilisoma maelezo yake usiku, nikacheka peke yangu.

Haiulizi pakiti ni ya nini. Inaupa kila mkondo foleni yake, inachota kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, inazunguka. Mwenye mitungi minane anajaza mmoja na kurudi nyuma. Mkondo mwembamba unaofika foleni yake ikiwa tupu, kama sauti ya simu, yenye vipakiti vidogo kama 50 kwa sekunde, unapitishwa mbele hapohapo. Na pakiti zikikaa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda, inaanza kuzidondosha moja moja, ili anayetuma ajue apunguze mwendo.

Ni nyanya wa chumba cha kwanza hasa. Mfereji na kikombe.

Hata lile donge la VPN la dada lilipita bila kujitambulisha, maana usiku mwingi ni jembamba: ni sauti yake tu.

Nikapima tena, safari hii nikiwa nimesimama mlangoni kwake, huku kijana wa studio akipakia harusi ya Machakos kwa kasi yake yote. Wiki mbili kabla, mahali hapo hapo, ilikuwa milisekunde 1,400. Sasa ilikuwa 38.

"Hivyo tu?" dada akauliza.

Hivyo tu. Zaidi ya nusu ya niliyodhani ni maamuzi magumu kuhusu nani anastahili ilikuwa nguzo za zege na foleni mbovu.

Zaidi ya nusu, lakini si yote. Ile 1 ilikuwa bado pale.

Kwa mzee

Ningeweza kuiacha. Kwa mpangilio mpya, mieleka ya mzee isingemkata mtu simu. Nilijiambia hivyo siku tatu.

Kilichonisumbua ni kwamba nisingeweza kumwambia dada. Ulaya wana kanuni ya mwaka 2015 inayomruhusu mtoa huduma kupanga foleni, mradi sababu iwe ya kiufundi na isiwe ya kibiashara, na iwe wazi. Sisi hapa tuna ibara ya 46 ya Katiba, inayosema mlaji ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya habari anazohitaji ili kufaidi anacholipia. Sikuhitaji wakili. Paa kwa kipaumbele ni biashara, na hakuna mteja aliyeijua.

Nikamkuta mzee kwenye kiti chake cha plastiki, langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Kodi ya paa inapanda, ndiyo umekuja?"

Nikamweleza. Nilianza na mambo ya pakiti, akanikatiza kwa mkono.

"Unasema mimi napita mbele ya watu wanaolipa?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze."

Alitazama barabara kwa muda. Akasema alipoomba intaneti isiyosumbua alimaanisha mimi nisiwe mtu wa kutafutwa ikipotea, kama wale walionitangulia. Hakuwahi kuomba kuwa wa kwanza. Halafu akaongeza, kwa sababu mzee ni mzee: "Lakini mieleka ikiganda, antena yako naiteremsha."

Nikamwandikia 8. Mieleka haijaganda.

Zahanati nayo ilikuja, ikataka kulipa zaidi iwekwe mbele ya wote. Hapo nilisitasita kweli. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini pia najua kompyuta ya mapokezi pale inacheza nini mchana kutwa. Tuliishia kuwatengea Mbps 2 ambazo hazipungui hata kukiwa na msongamano wa namna gani, kwa bei yake, na zaidi ya hapo wapange foleni kama sisi. Bado sina uhakika kama ni sawa.

Karatasi ngazini

Niliamua kuandika yote. Karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, nikaibandika ngazini kwenye kila jengo, karibu na tangazo la tokeni za stima. Kila mtu yuko 8. Zahanati ina Mbps 2 zake, inalipa kiasi hiki. Mzee hatoi pesa kwa kuwa ametoa paa, ila foleni ni moja. Hakuna anayepunguziwa kasi bila kuambiwa. Nikaipiga picha karatasi hiyo, nikamtumia dada, akanijibu kwa alama ya dole gumba. Nilijiona mtu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nashuka ngazi za jengo la kijani, nikaona mtu ameandika kwa biro chini ya karatasi. Mwandiko mzuri, wa mtu asiye na haraka.

*Na wewe mwenyewe?*

Nilicheka. Nikashuka ghorofa moja. Kisha nikasimama.

Milisekunde 12. Saa tatu kasorobo usiku, Jumanne, harusi zinapakiwa, mieleka inatazamwa, na kwangu milisekunde 12. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja intaneti ikiniganda.

Nilirudi nyumbani, nikafungua orodha, nikaenda juu kabisa, kwenye ile mistari ya majaribio niliyokuwa nikiipita. Wa kwanza kabisa, niliouandika wiki ya kwanza ya kazi ili nijaribu kama kipaumbele kinafanya kazi. Jina: jaribio. Anwani: nyumba yangu.

Kipaumbele: 1.